Chumba Kisicho na Sala

Tuliachana ukuta ukiwa umefika kiunoni na rangi nyekundu ikiwa bado mbichi.

Kwa wewe unayeanza kunisoma leo, nitasema kwa kifupi. Mama yangu mzazi aliteleza bafuni nyumbani kwake, alikokuwa akiishi peke yake tangu baba afariki, akavunjika nyonga. Nikaenda kumchukua, nikamleta kwangu. Lakini nyumba yetu iko mteremkoni. Vyumba vya kulala viko juu, na ngazi zile mama hawezi tena. Basi analala sebuleni, nyuma ya pazia, kati ya televisheni na mlango wa jikoni, na kila anayeingia kunywa maji anampita miguuni.

Mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti, akaanza kumjengea chumba cha chini ubavuni mwa nyumba. Hakuomba kibali. Alisema kiwanja ni chetu, matofali ni yetu na mama ni wetu, sasa aombe nini na kwa nani. Wiki iliyopita mliona majibu yake. Mkaguzi wa majengo alikuja na kopo la rangi, akaandika ukutani SIMAMISHA, akaondoka bila hata kunywa maji.

Kosa la wiki ile lilikuwa la mume wangu. La leo ni langu, na nililifanya nikiwa nimepiga magoti.

Nilipomaliza kulia nilienda ofisi ya mipango miji kuomba kibali kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilipeleka mchoro, nikapeleka hati ya kiwanja, na majirani wa pande zote wakatia saini kwamba hawana pingamizi. Karani akanieleza kilichobaki. Mkaguzi atarudi kuangalia eneo, ataandika taarifa yake, halafu kamati itakaa na kuamua. Nikamuuliza mkaguzi atakuja lini. Akasema, wiki hii. Nikauliza siku gani. Akasema, mama, wiki hii.

Usiku wa siku hiyo hiyo dada yangu mkubwa akapiga simu.

Dada yangu ni mtu wa kupanga mambo. Anaishi mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa gari, katika nyumba isiyo na ngazi hata moja. Alisema mama hawezi kuendelea kulala sebuleni kama abiria aliyeachwa na basi. Alisema atakuja siku ya kamati. Kibali kikitoka, mama atabaki kwangu. Kisipotoka, ataondoka naye siku hiyo hiyo.

"Na usianze kulia," akaniambia. "Mimi pia ni mtoto wake."

Nikakubali. Tuliongea kwa sauti ya chini, mimi nikiwa nimesimama jikoni, na mama yuko upande wa pili wa pazia.

Basi nikaanza kumngoja mkaguzi. Jina lake la mtaani ni Futi, kwa sababu ana futi ya chuma kiunoni na akiongea na mtu huivuta na kuiachia, kraa, kraa, mpaka unasahau ulichotaka kusema. Kila pikipiki iliyopita niliona ni yake. Kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, nilimwomba msimamizi ruhusa ya kuwahi kutoka, mpaka akaniuliza kama naumwa au natafuta kazi kwingine. Nyumbani nilifagia ule msingi asubuhi na jioni, kama vile mchanga ukiwa safi kibali kitatoka haraka. Mume wangu aliniambia nikae chini. Nilikaa. Nikainuka tena.

Hata darasani sikutulia. Wenye kunifuata mnajua kwamba nasoma madarasa ya jioni, yale ya watu wazima, kwenye shule ya msingi ambako magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Nimeanza kujua kusoma nikiwa tayari na wajukuu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, na kitu ninachojivunia kuliko vyote, naomba msinicheke, ni saini yangu. Zamani nilikuwa naweka dole gumba. Sasa naandika jina langu lote, na herufi ya mwisho naivuta mkia.

Jumatano Futi hakuja. Alhamisi hakuja. Ijumaa ilinyesha.

Ijumaa hiyo jioni akaja kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Tunamwita Mama Spika. Ana sauti ya kutosha mtaa mzima, lakini hata hivyo amenunua spika, na huenda nayo kila anakoombea. Nilimweleza shida yangu. Akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema kwamba tumekosea mahali pa kuombea. Tunaombea kibali cha chumba tukiwa kwenye nyumba za watu wengine, wakati chumba chenyewe kipo. Kesho, akasema, tutaombea mle mle ndani, tukisimama pale pale kitanda kitakapokaa.

Lilinigusa sana neno hilo. Niliona kwa nini mambo yalikuwa yamekwama.

Mume wangu halikumgusa. Alisema Mungu anasikia hata mkiwa jikoni. Nikamjibu jikoni hatutoshi. Akatikisa kichwa, lakini asubuhi alitufungia turubai juu ya zile kuta ili tusipigwe na jua, na kwa sababu akifanya kitu hawezi kukifanya nusu, akachomelea na nguzo za kulishika vizuri. Tukaazima viti shuleni. Tukavipanga mistari, na katikati tukaacha njia. Mbele tukaweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, ya kuwekea ile spika. Mama tukamleta polepole na fimbo yake ya kutembelea, tukamkalisha mbele kabisa.

Mimi nilisimama nyuma nikatazama. Sitawadanganya, palikuwa pamependeza.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Walikuja wa kikundi chetu, wakaja na wa kikundi cha mtaa wa pili, waliosikia kwamba kuna maombi maalumu. Waliokosa viti walikaa juu ya ukuta, na mmoja alikalia lile neno SIMAMISHA lenyewe. Tukaimba. Tukaomba. Mama Spika alikuwa amefika pale anapoomba bila kuvuta pumzi nilipofungua jicho moja, kama ninavyofanya wakati mwingine, Mungu anisamehe.

Futi alikuwa amesimama mlangoni.

Nilijua hapo hapo kwamba maombi yamejibiwa kabla hata ya amina. Mwanakikundi mmoja aliyekuwa akipokea wageni, asiyemfahamu mkaguzi, alishamshika mkono na kumtafutia kiti. Futi akakaa. Nikapenya hadi mbele nikamnong'oneza Mama Spika kwamba yule mwenye futi kiunoni ndiye mkaguzi mwenyewe.

Mama Spika hakupoteza muda. Alimgeukia akamwombea kwa jina la cheo chake, kwenye spika. Akaomba mkaguzi wetu abarikiwe aingiapo na atokapo. Akaomba wakubwa wake wampende. Akaomba apandishwe cheo kabla mwaka haujaisha, na mkono wake unapoandika taarifa uongozwe.

Wote tukaitikia amina. Na Futi, nilimwona kwa macho yangu mawili, akaitikia amina.

Kisha akasimama, akatazama huku na huku, akanyoosha kidole akawa anahesabu. Nilidhani anahesabu matofali. Hakuivuta futi hata mara moja. Akanishukuru kwa makaribisho, akapanda pikipiki yake, akaenda. Mama Spika akasema jambo limekwisha. Siku hiyo nilipika nikiimba.

Wiki iliyofuata, nilipopita ofisini baada ya kazi, karani akanipa barua.

Sikuifungua njiani. Nilitaka kuisoma darasani, mbele ya wenzangu, nikiwa nimekaa vizuri, kama mtu anayesoma matokeo yake. Mwalimu wetu wa jioni akaniruhusu nisome kwa sauti. Nikasoma vizuri tu mpaka nikafika kwenye maneno "mabadiliko ya matumizi". Nikaweza kuyatamka lakini sikujua yanataka nini kwangu.

Mwalimu akaichukua barua, akaipitia yote kimya, kisha akavua miwani. Akasema kwamba nimeomba kuongeza chumba cha kulala, lakini mkaguzi amefika na kukuta naendesha nyumba ya ibada.

Nikacheka. Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Akaeleza taratibu. Kiwanja chetu kimepangiwa makazi. Nyumba ya ibada ina kiwanja chake cha aina nyingine, inataka maegesho ya magari, vyoo vya wanaume na vya wanawake, milango miwili ya kutokea, na mkutano wa mtaa mzima. Mkaguzi ameandika kwamba aliona viti vimepangwa safu, meza ya mbele, kipaza sauti, paa la muda lenye nguzo za chuma, na waumini wengi. Ameandika pia kwamba alipokelewa na wahudumu.

"Lakini ulikuwa ni mkutano wa siku moja," nikamwambia mwalimu.

"Yeye alikuja siku hiyo moja," akanijibu.

Nilienda nyumbani nusu natembea nusu nakimbia. Mume wangu alikuwa uani, na miwani yake ya kuchomelea iko kwenye paji la uso. Nilimweleza. Hakusema, "Nilikwambia," na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo. Aliniuliza kitu kimoja tu: magari ya waumini wangu yataegeshwa wapi. Halafu kicheko kikamshika, akacheka mpaka akashika ukuta, na alipoona mimi nalia akanyamaza akaanza kukunja turubai.

Tulilikunja pamoja. Tukarudisha viti. Zile nguzo akazikata zote jioni hiyo hiyo, lakini taarifa ya Futi haikuwa na sehemu ya kukata.

Mama Spika aliposikia alisema ni majaribu, na kwamba tuitishe maombi mengine, makubwa zaidi, tena pale pale. Nikamkatalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia mtu maombi. Nilijisikia kama niliyemfungia mgeni mlango, na siku mbili nikawa nasali huku nimeweka sikio barabarani, kama pikipiki itapita.

Nilikuwa nimesahau kusali bila kuhofia nani ananiona.

Siku ya kamati ikafika. Dada yangu alikuja mapema na gari lake, akanikumbatia, akanitazama, akasema nimekonda. Kisha akaingia nyuma ya pazia. Nilipopeleka chai nikakuta anakunja nguo za mama na kuzipanga kwenye begi. Nikamuuliza mbona amewahi hivyo. Akasema anapanga tu, kikipita atazitoa. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akitazama nguo zake zinavyoingia moja moja. Mimi niliutafsiri uso ule nilivyotaka. Niliona, mama hataki kwenda. Nikasema moyoni, leo hata wakinitaka nitembee kwa mikono, nitatembea.

Tukaenda wote kwa gari la dada, na begi likiwa ndani.

Ofisi ya mipango miji, sijui nani aliipanga, iko ghorofani. Lifti ilikuwa imefungwa kamba. Mama akatazama zile ngazi, akanitazama mimi, akakaa kwenye benchi la chini, kwenye korido, na dada akakaa pembeni yake. Mume wangu alikuwa kwenye kazi ambayo asingeweza kuiacha. Nikapanda peke yangu.

Kamati ilikuwa watu watano kwenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi. Pembeni alikaa katibu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Futi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, na aliponiona akaitazama futi yake.

Mwenyekiti akaniuliza naendesha dhehebu gani.

Nikamwambia sina dhehebu, nina mama. Nikaeleza yote, kuanzia bafuni mpaka turubai. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, nikirudi nyuma, mikono ikiwa haitulii. Nikasema tulikuwa tunaomba kibali chenyewe kitoke. Mjumbe mmoja akainama akaficha uso kwenye karatasi zake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Kwa hiyo," mwenyekiti akasema, "kilichokunyima kibali ni maombi ya kibali."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akamgeukia Futi akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Futi akasema yeye haandiki yaliyo mioyoni mwa watu, anaandika anachokiona, na aliona ibada.

Hapo nikashindwa kujizuia.

"Na wewe uliitikia amina," nikamwambia.

Chumba kizima kikacheka, hata katibu. Futi akasema aliitikia kwa heshima tu, angefanyaje, alikuwa anaombewa. Mwenyekiti alicheka mpaka kikohozi kikamshika, wakampa maji, na niliona kwamba Mungu amenifungulia mlango.

Walinong'onezana. Kisha mwenyekiti akasema kamati imenielewa. Haitaki kumwadhibu mtu anayemtunza mzazi wake. Kibali kitatoka leo, lakini taarifa ya mkaguzi haiwezi kuachwa hewani, ni lazima ijibiwe kwa maandishi. Nitatia saini ahadi. Katibu akaandika hapo hapo, akaipitisha kwa mwenyekiti, kisha ikaletwa kwangu.

Nikaisoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno. Ilisema kwamba mimi mwenye nyumba ninaahidi kuwa chumba hicho kitatumika kwa kulala pekee, na kwamba ndani yake hakutafanyika ibada, mkusanyiko wa kidini wala sala ya aina yoyote. Nikikiuka, ujenzi utabomolewa kwa gharama yangu.

Nikarudi kwenye yale maneno ya mwisho. Sala ya aina yoyote.

Niliuliza kama hiyo ni pamoja na sala ya mtu mmoja. Ya mgonjwa, kitandani.

Mwenyekiti alikuna shavu. Akasema nia yao si hiyo, lakini maneno yakianza kupunguzwa hapa na pale, kesho mtu mwingine ataleta kwaya na kusema ni ya mtu mmoja. Mjumbe yule wa mabega akasema, asali kimoyomoyo, nani atamsikia. Wakacheka tena kidogo. Mimi sikucheka. Mama yangu husali kabla hajakanyaga chini asubuhi, na husali akiwekewa chakula, na akipigwa na maumivu ya nyonga hamwiti daktari kwanza. Hicho chumba, kabla hakijapigwa plasta, kingekuwa kimeshavunja ahadi.

Niliomba nishuke dakika moja nimuulize mama. Katibu akaangalia orodha yake, akasema kuna watu wengi nje, nikitoka faili langu linaingia kikao kijacho, na kikao kijacho hakijapangiwa tarehe.

Nilisimama pale. Kichwani niliona begi kwenye gari la dada. Nikaanza kusali kimoyomoyo nioneshwe la kufanya, na nawaambia kweli, nilikuwa nimeshaanza kusikia jibu. Jibu lilikuwa linakuja taratibu, na lilikuwa linasema, irudishe hiyo karatasi.

Ndipo katibu, akiona nimekawia, akafungua droo akatoa kile kisanduku chenye wino, akakisogeza mbele yangu kwa upole.

"Weka dole gumba tu, mama," akasema. "Haina shida."

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapowaomba mniombee.

Sikufikiri tena habari ya mama. Sikufikiri habari ya Mungu. Nilichofikiri ni zile jioni zote, magoti yangu yaliyogonga madawati ya watoto, na huyu kijana ambaye amenitazama kitambaa cha kichwani na mikono iliyochubuliwa na sabuni akajua hapo hapo mimi ni mtu wa dole. Damu ilinipanda. Nilikisukuma kile kisanduku mpaka kikagonga glasi ya maji ya mwenyekiti. Nikachukua kalamu ya katibu mkononi mwake. Nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, na ya mwisho nikaivuta mkia.

"Hongera, mama," mwenyekiti akasema. "Una mwandiko mzuri."

Mhuri ukagongwa. Niliusikia ukigongwa, nikaruka kama niliyepigwa mgongoni.

Nilishuka zile ngazi na kibali mkononi. Kadiri nilivyoshuka ndivyo hasira ilivyonitoka, na mahali pake pakaingia hofu. Nikawa najibembeleza. Nikasema, angalau mama atabaki. Nikasema, tutasali sebuleni, halafu ndio tumpeleke kulala. Nikasema, Mungu anajua. Nilisema mengi kwa ngazi chache.

Dada aliniona kwanza, akasimama. Nikainua ile karatasi. Akashusha pumzi, akanishika bega, akasema kwa kweli nimepambana, na kwamba atalitoa begi. Hakuonekana mtu aliyeshindwa. Ningesema alionekana mtu aliyepumzishwa, na kwa haraka yangu sikujiuliza kwa nini.

Nikapiga magoti mbele ya mama, pale pale kwenye korido, watu wakitupita na mafaili yao.

"Kimepita, mama," nikamwambia. "Chumba chako kimepita."

Mama aliitazama ile karatasi. Kisha macho yake yakajaa, na si kwa furaha. Namjua mama yangu.

"Basi amenikatalia," akasema.

Nikamuuliza nani.

"Mungu. Mlipokuwa mnaomba kipite, mimi nilikuwa naomba kisipite. Na tangu wiki ile sijaacha."

Nilidhani maumivu yamemchanganya. Nikamwambia, mama, kisingepita dada angekuchukua leo, mbali, siku nzima ya safari. Akasema anajua, alikuwa anatusikia, pazia si ukuta. Akasema kwenda kwa dada pia hakutaka, alikuwa anaomba gari liharibike. Alisema hivyo bila kutabasamu. Alisema tangu aanguke tumepanga alale wapi, ale nini, apite mlango gani, ofisi nzima imekaa juu ya chumba chake, na katika wote hao hakuna aliyewahi kukaa kitandani kwake akamuuliza, mama, unataka kuwa wapi.

Kule juu nilikuwa nimemwomba mwenyekiti dakika moja nishuke nimuulize. Na miezi yote iliyopita alikuwa mita mbili kutoka jikoni kwangu.

"Unataka kuwa wapi, mama?" nikauliza.

"Kwangu," akasema. "Nyumbani kwangu. Mume wako anajua kuchomelea, aniwekee chuma cha kushikia pale bafuni, basi. Kilichoniangusha ni bafu. Nyumba haikunifanya kitu."

Lilikuwa jambo dogo kiasi kwamba niliona aibu. Chuma cha kushikia. Mume wangu angekimaliza kabla chai haijapoa, na hakuna kamati duniani ambayo ingekaa kukijadili. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia tutampeleka, hata leo, tupitie nyumbani kuchukua vifaa, gari lipo na nguo zipo tayari kwenye begi. Nikamgeukia dada ili aseme ndiyo.

Dada alikuwa amekaa tena kwenye benchi. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

"Twende," nikamwambia.

Hakuinuka. Alimtazama mama, akatazama sakafu, na sauti ilipomtoka haikuwa ile ya mtu wa kupanga mambo.

"Mama," akasema, "kule kuna watu."

Mama alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Watu gani?" akauliza.

"Wapangaji," dada akasema. "Nimeipangisha nyumba." Alinigeukia mimi, akanitazama kwa macho ya kuomba, kana kwamba ni mimi ninayepaswa kumweleza mama yaliyobaki.